Inadaiwa

Taipureta yangu haina D.
Ilikatika mwaka juzi nikichapa talaka ya mtu,
na fundi wa Gongoni akaniambia kipuri hicho labda makumbusho.
Basi kila hati naiacha na matundu
kisha nayajaza kwa kalamu, moja moja,
mteja akinitazama.

Leo ni Kalunde, kashuka na treni ya usiku kutoka Usoke,
kalala stesheni juu ya kanga moja.
Mgongoni Shija, miaka minne,
mzito kupita umri wa kubebwa,
mguu wa kushoto unaning'inia kama mkono wa shati kambani.
Kwenye mfuko wa mbolea: kadi ya kliniki,
barua ya mtendaji, chupa ya asali.
"Hiyo ni yako, hela isipotosha."

Andika, anasema. Walimchanja, akaacha kutembea.

Naandika: *Ina aiwa kwamba*

"Inadaiwa na nani? Mimi sidai. Mimi niliona."

Namweleza ndiyo lugha ya mahakama.
Neno hilo lina mizigo miwili:
jambo lililosemwa, halijathibitika,
na deni ambalo mtu hajalipa.
Anacheka kwa pua.
"Sisi wa tumbaku hiyo ya pili tunaijua."

Fidia kiasi gani?
Anatazama barabara, anatazama mguu.
"Andika baiskeli ya magurudumu matatu."
Mama, wanataka tarakimu.
"Kaulize dukani bei yake, uandike hiyo."

Tarehe. Muhuri wa kliniki unasema Jumanne.
Usiku joto. Jumatano joto.
Alhamisi?

Hapo kanga ikahitaji kufungwa upya.
Kisha, kwa sauti ya mtu anayeongea na mfuko:
baba yake alimpeleka duka la dawa,
akachomwa kwinini.
Wapi?
Akajishika kalio. La kushoto.

Nikaacha kuchapa.
Dada yangu Nyamizi alikufa kwa surua
kabla friji ya chanjo haijafika kwetu;
mama alituburuza waliobaki hadi kwenye foleni
kama anayekimbiza mbuzi mvua isije.
Wanangu watano wote wamechanjwa.
Wa mwisho alichemka siku mbili,
ya tatu akaamka na kukimbiza kuku.
Sasa nimepewa mguu huu niupeleke kwa hakimu
na sijui nisimame wapi.

"Muuguzi aliyemchanja," anasema, "Sista Yustina,
ndiye kanipa nauli.
Namba ya kichupa kaitoa daftarini kwa mkono wake.
Kaniambia, nenda ukaulize, kuuliza si kutukana."

Ukiiandika Alhamisi, nitashindwa?
Sijui.
Usipoiandika?
Wataitafuta, na wataipata, mbele za watu.

Akamhamisha mtoto bega hili, bega lile.
Treni ya mizigo ikapiga honi, ikapita, behewa kwa behewa,
akasubiri hadi la mwisho.

"Iandike. Baba yake atanuna, anune.
Waambie ilikuwa Jumanne na ilikuwa Alhamisi,
wao ndio wamesoma, wachague.
Lakini juu kabisa uandike
Jumatatu alikuwa anakimbia."

Nimeandika.
*Jumatatu, mtoto alikuwa anakimbia.*
Sentensi pekee katika kurasa nne
isiyohitaji kalamu yangu.

Sasa najaza. *Ma ai. Fi ia. M aiwa.*
Matundu sitini na moja, nimeyahesabu,
na wino unapauka.
Shija kakaa mapajani mwangu, kagundua kitufe cha D:
anakibonyeza, kimkono cha chuma kinanyanyuka,
kinaifikia karatasi, kinarudi,
hakijaacha alama.
Anatazama. Anabonyeza tena.
Anacheka mpaka mama yake naye anacheka.